Nilimwingiza Baba Chumbani Achague Rangi

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nilimdanganya baba yangu mzazi kwa sababu ya rangi ya ukuta!

Miaka michache baada ya uhuru, chai ilinijengea nyumba ya mabati hapa Magwagwa, kuta zote plasta. Nikanunua mikebe miwili ya rangi: krimu, na nyingine ya ganda la yai. Nikapaka viraka viwili chumbani, nikavitazama wiki nzima.

"Baba Moraa, hizi si rangi moja?" mke wangu akasema. "Paka tu yoyote."

Nikamwambia hajui rangi. Anayejua ni Tata, baba yangu, aliyewapakia walowezi nyumba zao huko Kericho.

Lakini kwetu Kisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Chumba anamolala mkaza mwana ndicho hakanyagi kabisa! Ni heshima, ila nyumba ambayo bado haijalaliwa haina mwiko. Mimi nilijiona msomi, mtu wa kanisa, nikasema hayo yamepitwa na wakati.

Tata alisimama mlangoni. "Mmeshalala humu?"

"Bado, Tata. Ni nyumba tupu."

Uongo! Tulikuwa tumelala humo siku tisa.

Akavua kofia, akaingia. Kitanda hakijatandikwa, gauni la kulalia la mke wangu liko juu yake. Mara mke wangu naye akaingia na ndoo ya maji. Wakatazamana. Ndoo ikamponyoka, akakimbilia migombani.

Tata hakunigombeza. Alisema tu, "Umenivua nguo mbele ya binti yangu." Akatoka bila kuuangalia ukuta.

Wazee walitupatanisha, mbuzi akachinjwa, Tata akala nyama. Lakini uwanja wangu hajaukanyaga tena. Tukikutana njiani huniuliza habari za mvua, kama mtu tunayeonana tu sokoni Kebirigo. Mke wangu akisikia kikohozi chake barabarani hujificha. Mwanzoni nililia. Siku hizi nimekufa ganzi, sihisi kitu.

Nilipaka krimu. Au ile nyingine, sina hakika.

Ningepaka kipande cha ubao nikamtolea nje! Ubao tu, jamani!

Ninyi mnaojenga, mzazi akiwauliza neno mlangoni, mwambieni ukweli. Baba yangu yu hai, moshi wa jiko lake nauona kila asubuhi, na mimi ni yatima.