Nilivyomhoji Profesa Kama Mchumba wa Dada

Mpaka leo nasikia kucha za korongo zikikwaruza bati juu ya vichwa vyetu, kwaru, kwaru, maana ndiyo sauti pekee iliyosikika chumbani baada ya mimi kufungua mdomo, na aibu ya siku hiyo hata mama sijamsimulia, nawaambia ninyi tu, mcheke taratibu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Misungwi, shahada yenyewe nimeiokoteza likizo kwa likizo, na nilikuwa nimeitwa usaili wa uzamili katika chuo kimoja cha hapa Mwanza. Ilikuwa mara ya tatu naomba, na mkuu wangu wa shule alishasema hatanipa ruhusa tena. Nafasi ilibaki moja (kwenye benchi tulikuwa wanne, nilihesabu mara kadhaa). Rafiki yangu Rehema, aliyepitia huko, alinionya kwamba mwishoni wanauliza kama una swali, na ukisema huna wanaona shule huitaki. Akanitumia maswali mazuri kwenye simu, msimamizi hukutana na mwanafunzi mara ngapi, waliomaliza wako wapi, na kadhalika. Nikaamua nisiyanakili kwenye karatasi, nisije nikaonekana kama mtoto anayeibia mtihani. Uamuzi mdogo tu huo.

Mlangoni karani akasema simu zote ziachwe mezani kwake.

Niliingia, nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa, shikamooni, wasaili wote watatu wakaitikia, na mambo yakaenda vizuri mpaka Profesa, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye ndiye angenisimamia, aliponiuliza, "Na wewe, una swali lolote kwetu?"

Kichwani kukawa kweupe. Kwetu mkubwa akimaliza kuongea unashukuru, humhoji, kwa hiyo maswali ya kuwauliza wazee sina akiba, isipokuwa yale niliyoyasikia Jumamosi nyumbani Butimba, mama mkubwa alipokuwa anamchunguza kijana wa Igogo anayemposa dada yangu. Mdomo ukaanza wenyewe.

"Samahani, Profesa, hapa idarani mko wangapi?"

Akasema saba. Hilo likapita, nikapata nguvu (hapo ndipo ningeshukuru na kutoka). Nikauliza kama wanaelewana na majirani. Msaili mmoja, Dokta mwanamke aliyekaa kulia, akainamia mafaili, mabega yakimtikisika. Nikaona kabisa naharibu, lakini nilikuwa kama mtu anayeshuka mbio kwenye mlima wa mawe, kusimama nako ni kuanguka, nikamalizia na lile la mama mkubwa lililomtoa jasho yule kijana:

"Na yule uliyekuwa naye kabla yangu, mliachana kwa nini?"

Hapo ndipo korongo walipokwaruza.

Profesa akavua miwani. Nikangoja kufukuzwa.

"Alichoka kunisubiri," akasema polepole. "Tasnifu yake ilikaa mezani kwangu mwaka mzima, mwishowe akarudi kwao."

Dokta akaacha kucheka. Mimi nikashukuru, nikapiga goti tena, nikageuka, nikafungua kabati la mafaili nikidhani ni mlango.

Zikapita wiki tatu. Rehema nilimwambia maswali yake yamenisaidia sana (Mungu anisamehe). Barua ikaja, nimepata, ila msimamizi ni yule Dokta, na siku niliyokwenda kuripoti alinipokea kwa uso mkavu kabisa, "Karibu, mwanangu. Majirani naelewana nao, na sijaachana na mtu," nikatamani sakafu inimeze. Nimeapa maswali ya posa yabaki kwenye posa, na usaili mwingine naingia na karatasi mkononi, wanione mwizi wa mtihani wakitaka.

Lakini jibu la yule mzee halikunitoka. Siku hiyohiyo ya kuripoti, korido ilipokuwa tupu, nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika, "Samahani, Profesa. Ulikuwa woga, sikutaka kukuumiza," nikaupenyeza chini ya mlango wake, nikashuka ngazi viatu mkononi.