Bwana Frigo na Bwana Resho

Laiti ningekataa pale Furaha, binti wa dada yangu niliyemlea, aliponiita kwenye kicheni pati yake hapa Nchelenge, shughuli ya wanawake ya kumtunza bibi harusi vyombo vya jikoni, niwaeleze asili ya majina ya vyombo alivyotunzwa. Sikuijua, lakini nilisoma sekondari. Lilipoletwa friji, tunaloliita frigo, nikasema Bwana Frigo alikuwa Mbelgiji, bosi wangu Lubumbashi. Wakapiga vigelegele. Lilipoletwa jiko la umeme, yaani resho, nikasema Bwana Resho pia alikuwa bosi wangu.

Shangazi wa bwana harusi, mzaliwa wa Lubumbashi, akasimama. "Papa, ni jikoni yote ulitumikia? Na Bwana Sufuria anaikalaka avenyu gani?"

Wakweze wote wakacheka. Furaha akafunika uso, akalia. Jumamosi ya harusi aliingia kanisani ameshikwa mkono na jirani yetu, si mimi.