Mtandio Shingoni

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, buni zimeanikwa uani kwetu Kihanga, jua kali, nami nimejifunga mtandio shingoni.

"Unaficha nini?" baba yako akaniuliza.

"Baridi," nikamjibu.

Nilikuwa naficha tezi. Zilivimba upande mmoja wa shingo, ziliuma nikizigusa, na kila jioni homa ilinipanda. Siku hizo mwanamke kijana akivimba shingo, watu walitaja ukimwi, kisha wakatafuta mwanaume wa kumtaja. Kwa hofu hiyo nikawa natoroka kwenda hospitali Kayanga, nimepakiwa kwenye baiskeli ya kukodi. Baba yako alimwona mwenye baiskeli. Homa yangu hakuiona.

Siku moja akauvuta ule mtandio. "Nani kakupa ugonjwa huu?"

Nikamweleza kwamba daktari ameshanipima. Si ukimwi, wala si kifua kikuu. Anahofia saratani, anataka kukata tezi moja ikapimwe Mwanza. Baba yako akakataa katakata. Hakuna mwanaume atakayenifungua shingo yeye akiwa hai, alisema.

Nikaenda kwa shangazi yake, kwa sababu kwetu shangazi wa mume ndiye hakimu wa ndoa. Akamwita. Unajua mgeni wetu hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Siku ile bibi yule alininyooshea mimi kikapu cha kahawa, kisha akakifunika.

"Shangazi, na mimi?"

"Kahawa yangu ni ya wanaume. Wewe unaonea wivu kitambaa!"

Nilicheka, hata na homa yangu ile.

"Lakini daktari mwenyewe ni kijana, shangazi."

"Basi nenda ukamshike mkeo mkono, umlinde na huyo kijana!"

Akaenda. Mkono wangu aliushika kweli tezi ikikatwa, ila macho yake hayakubanduka kwa daktari.

Majibu yalipotoka Mwanza, haikuwa saratani. Ni ugonjwa wa nadra, una jina la Kijapani ambalo hadi leo linanishinda, na huwapata zaidi wanawake vijana. Tezi huvimba, homa huja, kisha vyote hupoa vyenyewe. Nilipewa dawa za maumivu, nikaambiwa nirudi kuangaliwa. Baada ya miezi michache shingo ikanywea. Baba yako akaenda kwa shangazi, akafunuliwa kikapu, akatafuna.

Sasa nasikia unapekua simu ya mkeo, na juzi umemzuia kwenda kliniki Bugene kwa sababu ya dereva wa bodaboda. Mwanangu, kabla hujamuuliza mkeo jina la mtu, muulize anaumwa wapi. Na uvimbe usiusome kwa wivu. Upeleke ukapimwe, hata kwa kukatwa kipande, maana macho ya mume si hadubini.

Mungu akupoze moyo, ampe mkeo afya, na nyumba yenu isikose mgeni. Kikapu changu hiki hapa, nimekifunika. Mpeleke kliniki kwanza. Mkirudi wote wawili, nitakifunua.