Bangili Mbili na Beseni la Maji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, vitabu mnavyo tele wala haviwashangazi tena. Mimi chuo cha Kurani niliishia juzuu ya tatu, na shule sikuujua mlango wake. Basi sikizeni.

Miaka ya themanini, tukikaa Timbwani, binti yangu alikuwa karibu kuolewa. Marehemu mama aliniachia jozi ya bangili za dhahabu, za kuvishwa bibi arusi. Moja ilikatika, nikampa sonara wa mtaani aiyeyushe na kuisubu upya kwenye kalibu. Ikarudi na uzito ule ule wa mwenziwe, lakini nyekundu. Akaniambia ni moto tu; sikungoja amalize. Nikasema barazani mbele ya wanawake, "Katia shaba yule. Mwizi!" Wiki haikwisha, watu wakaacha kumpelekea kazi.

Binti yangu akafungua kitabu chake cha shule, akanisomea habari za Myunani wa kale. Alibuni mashine za kupandisha maji na za kuinua meli za adui, akauawa kwa upanga ameinamia michoro yake mchangani. Mfalme alimwuliza kama taji lake ni dhahabu tupu. Jibu likamjia akiingia kuoga, alipoona maji yakipanda, akatoka mbio njiani bila nguo.

"Uchi?" nikasema. "Huyo ndiye mnayefundishwa?"

"Mama, nawe! Dhahabu yenye shaba ni nene kuliko dhahabu tupu ya uzito huo huo. Ukiizamisha, maji huiinua zaidi."

Akazifunga bangili kwa uzi, moja kila ncha ya mwiko, akauning'iniza mwiko kwa uzi wa katikati hadi ukalala sawa. Akaziteremsha zote mbili ndani ya beseni la maji. Wallahi niliomba ile mpya ipande, nisiaibike.

Mwiko ukalala vile vile, umenyooka kama safu ya sala.

Subhanallah! Mtu aliyekufa kabla ya babu wa babu zangu, ng'ambo ya bahari, kanihukumu kwa beseni langu la kufulia.

Nikajitia buibui, nikawapitia wanawake wale wale wa barazani, tukaenda kwa sonara.

"Fundi, nimezipima bangili majini, ziko sawa. Nimekuja kutaka radhi."

"Nilikwambia ni wekundu wa moto tu, ukaniita mwizi. Leo umesadiki maji? Haya, mama, nimekusamehe."

Niliporudi nikawaita wote wa nyumbani. "Kuanzia leo, asiitwe mtu mwizi humu ndani kabla ya kupimwa neno lenyewe. Na beseni lile, marufuku kulifulia nguo."