Hina ya Zuhura na Joto la Februari

Niliondoka Limuru kwa sababu mbili. Zuhura, mwenzangu wa chumba miaka yote ya chuo kikuu, alikuwa anaolewa. Pili, nilitaka kujua kwa ngozi yangu mwenyewe kama joto la Mombasa ni joto kweli, au ni kisingizio cha watu kulala mchana. Ilikuwa Februari. Mama alinifungia sweta mbili. Mimi nikabeba feni ndogo ya kuchaji, chombo cha mtu aliyesoma fizikia na kujiona ana akili.

Ndani ya treni kiyoyozi kilikuwa kikali hata nikavaa sweta moja, nikawacheka watu wa pwani kimoyomoyo. Mlango ulipofunguliwa Miritini, kituo cha mwisho, nilihisi nimefunikwa uso kwa taulo lililotoka kwenye maji ya moto. Nikasimama nikisubiri lipite. Abiria mmoja akaniuliza kama kuna mtu ananipokea.

Nilipitia soko la Marikiti kununua ndimu nilizoagizwa na Zuhura. Muuzaji aliona jasho linavyonitiririka, akauliza natoka wapi. Nilipomjibu, akanipa pole kwa sauti ya mtu aliyekuja matangani, kisha akaniuzia kwa bei ya mgeni.

Mji wa Kale niliingia wakati wa magharibi. Kuta za mawe zilikuwa zimekunywa jua kutwa, na sasa zilikuwa zinalitema. Ghorofani nilimkuta Zuhura amekaa kitandani, mikono ameinyoosha juu ya mito, hina mbichi hadi viwiko. Dirisha limefungwa, kwa sababu bibi harusi haonekani kabla ya siku yake. Feni ya darini imezimwa. Pembeni alikaa Bi Mwanakhamisi, somo wake, aliyekabidhiwa kumtunza hadi harusi iishe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama sweta niliyoishika mkononi kwa huruma.

Nikaelezwa mambo. Kesho alasiri shangazi za bwana harusi watakuja kumtazama Zuhura mikono. Hina ikikolea, atapendwa na mume na mama mkwe. Ikipauka, basi. Dada mkubwa wa Zuhura ilimtoka rangi ya chungwa, na hadi leo, ana watoto watatu, mawifi humwita Bi Machungwa. Hina hukolea ikikaa mwilini mbichi na moto. Upepo huikausha mapema. Kwa hiyo usiku ule joto lilikuwa mgeni rasmi, na sisi tulikuwa watumishi wake.

Usiku ulipoingia nilimfahamu mgeni huyo vizuri. Darasani tuliambiwa jasho hupoza mwili linapokauka. Lile halikuwa na mpango wa kukauka, maana hewa yenyewe ilikuwa imeshiba maji. Lilitoka shingoni, likateremka mgongoni, likatulia kiunoni kama mtu aliyeletewa kiti. Shuka lilikuwa na unyevu kabla sijalilalia. Niligundua kuwa hata masikio hutoa jasho. Zuhura alikuwa na jasho lake lote, na hakuwa na mkono wa kujifuta.

Bi Mwanakhamisi alipotoka kwenda kuswali isha, nikaitoa feni yangu.

"Wewe ulinipita kwenye fizikia," nikamwambia. "Majani yaliyosagwa yatajuaje kama mumeo atakupenda?"

"Hayajui. Lakini kesho haji mwanafizikia kunitazama mikono. Wanakuja shangazi zake."

Hata hivyo tone la jasho lilipomwingia jichoni, akasema niwashe, kidogo tu. Nikawasha. Alifumba macho kama aliyesamehewa. Alipoyafumbua, hina ya kifundo cha mkono wa kushoto ilikuwa imepasuka, vipande vimeanguka juu ya mto.

"Zima, shoga," akasema polepole. "Tayari nimekuwa Bi Machungwa wa pili."

Bi Mwanakhamisi alirudi, akatazama mto, akaitazama feni. Aliuliza kijidude kile ni cha nani, nikakiri. "Nipe nikuwekee, mwanangu, kisije kikavunjika," akasema. Usiku kucha niliisikia ikivuma chumbani kwake.

Mimi nikaachiwa bakuli la maji ya ndimu na sukari. Nililowesha hina ile iliyopasuka kwa ncha za vidole, nikamfuta Zuhura uso kwa pindo la leso, nikarudia. Aliniambia hamwogopi mume. Anaogopa nyumba aendayo, ambako hakuna anayemjua, na jina la kwanza atakalopewa huko ndilo litakalobaki.

Alasiri ya siku ya pili shangazi waliingia wakinukia udi. Mrefu wao aliuinua mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akafika kwenye kifundo, akakawia hapo.

"Imekolea," shangazi akawaambia wenzake. "Hebu tazameni."

Nilitamani kuwaeleza kazi ya asidi ya ndimu. Hakuna aliyeniuliza.

Niliporudi Limuru nilikuta ukungu, na Mama akiulizia joto. Nikamwambia ni kweli lipo, na anayekwenda asiende bila mtu wa kumfuta uso. Kuhusu hina, bado nasema haijui lolote juu ya mapenzi. Lakini ncha za vidole vyangu zimebaki na rangi ya chungwa, imepauka kabisa, na kwa kanuni za Bi Mwanakhamisi hakuna mama mkwe atakayenitaka. Nilizisugua kwa sabuni siku ya kwanza. Sasa nimeacha kuzisugua.