Majani ya Kumfichia Mama Samaki

Samaki wetu wanaishi ndani ya vitrini ya mandazi. Mama mkwe wangu alipoacha biashara kwa sababu ya magoti, sanduku lile la kioo lilibaki barazani likikusanya vumbi. Mume wangu akalipaka silikone kwenye pembe zote, akalijaza maji, likavuja. Akapaka tena, likavuja upande mwingine. Akaendelea hivyo mpaka kioo kikachoka kubishana naye. Leo liko sebuleni juu ya matofali, na wageni wanaoingia wanasalimia samaki kabla ya kunisalimia mimi.

Samaki wenyewe walitoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, ndani ya bidoni, dumu la njano la plastiki. Mume wangu anaendesha lori la samaki wa chumvi, na siku moja wavuvi walimpa wadogo walio hai, wa jamaa ya ngege, awaletee watoto. Dume ana rangi ya buluu na kichwa kigumu. Majike ni wa kijivu, hawana makuu. Binti yangu wa miaka sita aliwapenda siku hiyo hiyo. Mimi ilinichukua muda. Nilikuwa na mtoto mwingine mgongoni, nepi kwenye kamba, na mume aliyeniletea midomo mingine ya kulisha kisha akapanda lori akaenda zake.

Maji hayakunisumbua. Foraji ya avenyu yetu, kile kisima cha pampu, inatoa maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kukataa povu la sabuni. Samaki wa ziwa wanayapenda. Kilichonisumbua ni majani. Nilichuma kwenye kijito cha chini, majani laini, mazuri kuliko pazia langu. Baada ya siku chache yaliyeyuka katika yale maji magumu yakawa kama mlenda. Na yale yaliyokuwa bado na nguvu, dume aliyang'oa. Alichimba mchanga akajitengenezea shimo katikati, kama mtu aliyejenga kwenye kiwanja bila karatasi, na mizizi yangu ikaelea juu.

Nikasema basi, wakae na mawe yao.

Halafu jike mmoja akaacha kula.

“Mama,” binti yangu akaniita, “huyu iko na uvimbe mu kinywa.”

Nilimpigia mume wangu simu. Akacheka.

“Haiko mugonjwa. Iko na mayai mu kinywa. Atayabeba mpaka watoto wajue kuogelea.”

“Bila kula?”

“Bila kula.”

“Na baba yao?”

“Baba yao ndiye shida yenyewe. Mutafutie pa kujificha. Usimukamate umutie mu beseni, atayatema.”

Ni rahisi kusema ukiwa Kasenyi. Nilikaa mbele ya kioo nikimnyonyesha mdogo, nikaona kazi ya yule dume. Alimfukuza yule jike kutoka kona hadi kona, akamchana mapezi. Ziwani angeingia kwenye majani na kumwachia dume akili zake. Kwangu alikuwa na kona ya kioo tu. Akiendelea kusumbuliwa, atayameza mayai au atayatema, na watoto wataliwa mbele ya binti yangu. Niliona hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa ajili ya kitu kinachoweza kukaangwa.

Nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza majani ya kufungia chikwange, ule mkate wa muhogo. Watu wanaotoka upande wa msitu ndio wanaomletea.

“Mama, nataka majani yenye kuota ndani ya maji.”

“Ya kupika na nini?”

“Haiko ya kupika. Ya samaki kujificha.”

“Samaki ya liboke, ya kufunga mu majani?”

“Samaki muzima, mama. Anaishi kwangu mu nyumba.”

Akawageukia wenzake. “Mumesikia? Samaki iko na nyumba, na siye tunalala chini ya bashi ya plastiki!”

Walicheka, nami nikacheka. Lakini siku ya soko iliyofuata alinitolea fungu chini ya meza. “Chagua weye mwenyewe. Miye najua ya chikwange tu.”

Kulikuwa na aina tatu. Moja nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Ya pili marefu kama utepe. Ya tatu mafupi, manene, magumu kama ulimi wa kiatu, na shina lake lilikuwa bado limekumbatia kipande cha jiwe. Safari hii sikukimbilia kuyatia kwa samaki. Nilipanga mabeseni matatu uani, nikajaza maji ya foraji, nikaweka kila aina peke yake nione ipi itavumilia. Moyo wangu ulikuwa kwa utepe. Kila asubuhi niliuangalia kabla ya kuwasha makaa. Lile gumu sikulijali, lilikuwa na sura ya mtu asiyependa wageni.

Siku moja nilimpeleka mdogo kwenye chanjo. Niliporudi, harufu ilinipokea langoni. Javeli, ile dawa kali ya klorini.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani, miguu ameinyoosha, ameridhika.

“Nimekusaidia,” akasema. “Nimeosha mboga yako.”

Lazima nieleze. Kwetu, tangu kipindupindu, hakuna jani linalopita mlangoni bila javeli. Yeye ndiye aliyenifundisha nilipoolewa, na alinifundisha kwa ukali. Kwa hiyo alipoona majani yamelala majini siku kadhaa, aliona bibi-arusi mvivu. Akatia javeli katika kila beseni, na hakutia kwa uchoyo.

“Mama! Haikuwa mboga!”

“Sasa ilikuwa nini?”

“Ilikuwa nyumba ya samaki!”

“Nyumba! Mandazi yangu yalilala mu kile kioo miaka mingi, hata moja haikuomba pazia!”

Nilipiga kelele. Naye akapiga. Binti yangu akalia, mdogo akamfuata. Nilisema maneno ambayo mke hamwambii mama wa mume wake. Sitayarudia hapa, kwa sababu anasoma polepole, lakini anasoma.

Nilipochoka niliingiza mkono kwenye beseni la kwanza. Zile nywele zilikuwa nyeupe, zimekwisha. Utepe wangu ulikatika vidoleni kama kitu kilichopikwa. Nikafika kwa lile gumu. Ukingo ulikuwa umepauka kidogo, basi. Nikalivuta, likakataa kuchanika. Nikalikunja, likajinyoosha.

“Hili halijafa,” nikasema.

Mama mkwe aliinuka kwa shida ya magoti yake, akaja kuangalia. Hakusema pole. Alisema, “Lete maji.” Mimi nikamwaga, yeye akanusa. “Bado.” Nikamwaga tena. “Bado.” Kama lingeingia na javeli, lingewaua samaki wote, na pua yake haijawahi kudanganywa na mtu. Tuliendelea hivyo mpaka mgongo ukaniuma. “Sasa,” akasema.

Kulipanda mchangani ilikuwa bure, dume angelichimbua. Mama mkwe akaingia ndani akatoka na uzi mweusi wa kusukia nywele. Akaweka jiwe katikati ya magoti kama kichwa cha mtoto, akalaza shina juu yake, akaanza kuzungusha.

“Koko, usikaze sana,” binti yangu akamwambia nyanya yake, akishika kichwa chake mwenyewe.

“Jiwe haiumwi. Nyamaza, leta ingine.”

Tuligawa shina vipande vipande, tukasuka mawe yote tuliyokuwa nayo, tukayapanga kwenye kona kama ukuta wa majani. Dume alikuja mara moja. Akauma jani, akalitema. Akavuta. Akachimba chini, akakuta jiwe, akasimama akilitazama kama polisi aliyenyimwa soda. Jike akapita upande, akaingia nyuma ya majani, na kwa mara ya kwanza nikaona mapezi yake yametulia.

Siku zilipita. Asubuhi moja, nikiwa nafua, binti yangu akapiga kelele: “Mama! Anatapika watoto!”

Tulikimbia wote, pamoja na magoti ya mama mkwe. Kati ya majani kulikuwa na vitone vyenye macho, vinaogelea vibaya vibaya. Dume alipojongea, jike alifungua kinywa na vyote vikarudi ndani kwa mkupuo. Mama mkwe aligonga kioo kwa pete yake.

“Weye baba! Acha mwanamuke apumuzike!”

Mchana watoto walikuwa wametoka tena, wamejibana chini ya majani magumu, na jike akasogea mbele ya kioo. Alikuwa amekonda mpaka kichwa kilizidi mwili. Nilimsagia dagaa, nikamdondoshea kidogo. Alikula kwa hasira, akigeuka kila mara kuangalia nyuma.

“Kula, mama,” nikamwambia. “Nitakuangalilia watoto.”