Mama alitaka daraja, akapanga foleni nyuma ya aliyembebea gunia

Wakuu, habari za jioni. Hii nawapa bila chumvi, kwa sababu mhusika mkuu ni mama yangu na bado ako na nguvu ya kunipiga.

Naona mnachoshana hapa ati kwenye mchujo wa chama wapiga kura wanataka nini kwa mgombea urais. Sera ama mvuto?

Mimi jibu nililipata zamani, enzi za chama kimoja, kwenye nomination ya mbunge. Tulipiga kura ya mlolongo. Kwa nyinyi wadogo: unasimama nyuma ya picha ya mtu wako, mchana kweupe, jirani zako wote wakikuona.

Kwetu ni upande wa Nyeri, kando ya mto Gura. Kiwanda cha kahawa kiko ng'ambo. Mvua ilikuwa imebeba daraja la miti, kwa hivyo mama alikuwa akivuka na gunia la kahawa mgongoni, maji yakimfika mapajani. Kila jioni ni daraja, daraja, mpaka chai inapoa.

(Mimi nilikuwa nimemaliza form four, na kazi yangu ilikuwa kulinda kiti cha sebuleni. Hakikuibiwa.)

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mkavu. Alikuja na kamba, akapima mto, akasema, "Daraja litakaa hapa," akaenda zake. Hakuna aliyepiga makofi.

Wa pili tulimwita Rais. Sauti nzito, suti, kicheko cha kukufanya uone mmelelewa pamoja. Watu walisema akipita kwetu, siku moja atafika Ikulu.

Rais akafanya mkutano pale pale mtoni. Mama akasimama.

"Maneno yako ni tamu. Na daraja je?"

Jamaa akashuka kwa Land Rover, akavua viatu, akakunja suruali. Akachukua gunia la mama na, wakuu, akaweka ule mkanda wa kubebea kwenye paji la uso, vile wanawake wetu hubeba. Kwetu mwanaume habebi hivyo. Akavuka, akaliweka ng'ambo, akarudi akicheka.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata harusini sijasikia kama hivyo.

Daraja hakulitaja. Niliangalia kulia na kushoto kama kuna mwingine ameona. Wapi.

Siku ya kura mama akaniambia, "Toka kwa hicho kiti tukatafute daraja." Nikaenda uwanja wa shule, nikasimama nyuma ya picha ya Mwalimu, nikageuka kumwachia mama nafasi.

Mama alikuwa foleni ya Rais, ile iliyozunguka mpaka vyoo.

Nikamfuata. "Mama, na daraja?"

"Nyamaza, watu wanaangalia."

"Lakini hakusema atajenga."

"Alinibebea. Baba yako, Mungu amrehemu, aliwahi kunibebea?"

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Na wewe?"

Nikarudi kwa Mwalimu. Nafasi yangu ilikuwa bado ipo, hakukuwa na mtu wa kuichukua.

Rais akapita. Ikulu hakufika, na kwetu hakurudi.

Mvua zilipoanza tena nilimwona mama anakunja rinda aingie majini. Nilikasirika, nikamnyang'anya gunia, nikajiwekea mkanda kwa paji. Katikati ya mto nikateleza, kahawa ikateremka na Gura. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Rais alibeba vizuri kuliko wewe."

"Na akirudi kuomba kura?"

"Kwani wewe utakuwa umejua kubeba?"

Inaniudhi mpaka leo. Somo nililotoka nalo ni hili: mpiga kura anajua vizuri anachohitaji, hata ameshakuambia. Lakini akipata mtu wa kuuhisi uzito wake mbele ya watu, hata kwa dakika chache, atampa kura na arudi kuvuka mto kwa miguu. Mwalimu alipima mto. Hakuna aliyekuwa amempima mama gunia, hata mimi niliyekuwa nakula kwake.

Wenye manifesto ndefu, endeleeni kuchapisha.

Haya, nyinyi mama zenu walipanga nyuma ya nani? Mkijibu andikeni kwa heshima. Wangu husomewa hizi comments, na bado anamtetea Rais wake.